Ardhi ya Wastani

Usiku ule, Serere, ndani ya chumba cha mitambo
kinachonuka dizeli na mavi ya popo,
niliuchora mlingoti wetu kwenye kompyuta
nikaukata vipande sitini,
kama mama anavyowakatia watoto muwa mmoja,
kila kipande na mkondo wake wa umeme.
Chini nikatandaza nyaya mia na ishirini za shaba,
zimezikwa, zimenyooka, kama zilivyo kwenye ramani ya ofisi.
Ndipo mashine ikaniuliza kuhusu ardhi.

Iliuliza mara moja tu, kwa adabu:
udongo wako unapitisha umeme kiasi gani?
Nikaandika tarakimu mbili kutoka kitabuni,
*ardhi ya wastani*,
nikabonyeza, nikaenda kunywa chai.

Nani amewahi kulima ardhi ya wastani?

Niliporudi picha ilikuwa tayari:
mawimbi yametanda sawasawa
kama uji uliomiminwa kwenye sinia.
Na chini ya mlingoti, mlingoti wa pili, kichwa chini,
maana kwa hesabu ile udongo ni kioo,
na kioo hakinywi kitu.

Asubuhi tukatoka na Okiror.
Yeye kabeba kipimo, mimi daftari.
Upande wa barabara, namba zikapatana.
Mita mia, zinapatana. Mia mbili, karibu.
Okiror akapiga mluzi.
Tukashuka upande wa kinamasi, kwenye mafunjo;
nilitarajia sindano ipande, ardhi ya maji hubeba.
Ikalala.
Tukabadilisha betri. Ikalala.
Tukapima usawa wa goti, wa kiuno, wa bega,
kila kimo kikasema lake
kama mashahidi wa ajali.

"Kompyuta yako inadanganya," Okiror akasema.
"Kipimo hakina shemeji."

Sikujibu. Nilikuwa namtazama mbuzi.
Alikuwa amefungwa kwenye mambo
kwa waya mwekundu unaong'aa mahali ulipokwaruzwa,
naye amekula duara safi, bila kuacha hata jani,
mstari wa nusu kipenyo umenyooka shingoni mwake.
Siku nzima ile sikuona hesabu iliyo sahihi zaidi.

Mwenye mbuzi aliitwa Akurut, alikuwa akipalilia karanga.
"Hizi? Mvua ya mwaka juzi ilizifukua.
Zilikuwa zinanivunjia jembe."
Nyingine kaanikia nguo. Nyingine kafungia mpini.
Zilizobaki alimuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo,
akapata mabati mawili; akatuonyesha, yapo jikoni.
"Mlizika vitu shambani kwangu," akasema,
"na hakuna aliyekuja kuniambia."
Okiror akainama, akajifanya anafunga kiatu.
Kisha yule mama, akiwa amekwisha kurudi kwenye mstari wake:
"Kumbe ndiyo maana redio yangu inakohoa?"

Ndiyo, mama. Na hapana.

Usiku nikafuta nyaya thelathini na moja,
moja moja, upande wa karanga.
Nikaondoa wastani.
Nikaweka udongo tuliouchimba kwa koleo,
tukaupima kwenye kopo la majani ya chai:
mweusi huku, changarawe nyekundu kule.
Mashine haikuona haya wala haikulalamika.
Haikuwa imedanganya. Ilikuwa imejibu vizuri
habari za nchi nyingine, niliyoibuni mimi
kwa uvivu, kikombe mkononi.

Picha mpya ina pengo, imebonyea upande mmoja
kama sufuria iliyoanguka.
Ni mbaya, nayo inakaribiana na daftari.
Imebaki tofauti ya desibeli moja na nusu
ambayo sikuisawazisha.
Labda ni kichuguu nyuma ya choo cha Akurut.
Labda ni mbuzi na waya wake, anavyozunguka.
Labda ni mimi,
mfuko wa maji na chumvi uliosimama karibu na kipimo,
ukinywa kidogo cha kile ulichokuja kukihesabu.